Hubert Wagner, kocha mkali aliyeipatia Polandi zahabu ya voleboli

Wachezaji wake walimwita Kat. Kwa lugha ya Kipolandi, neno hilo maana yake ni mnyongaji, mtu mwenye kazi ya kuua waliohukumiwa kifo. Hubert Wagner hakupewa jina hilo kwa mchezo.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 katika mji wa Poznań, wakati inchi yake ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Alikuwa mchezaji mzuri wa voleboli, na akiwa katika ekipe ya taifa alienda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Meksiko kunako mwaka 1968, ambako Polandi ilimaliza nafasi ya 5. Miaka minne kisha, huko Munich, Polandi ilianguka hadi nafasi ya 9. Viongozi wa mchezo wakatafuta mtu wa kuinua ekipe, wakamkabizi Wagner kazi hiyo mwaka 1973. Alikuwa na umri wa miaka 32 tu.

Hapo ndipo shida ilianza. Watu aliopaswa kuamuru walikuwa ni marafiki wa jana. Edward Skorek, kapiteni, alikuwa amecheza pamoja naye Meksiko. Wagner alikata urafiki huo bila huruma na kutangaza wazi kwamba anataka zahabu, si kitu kingine. Aliwavalisha wachezaji mavazi yenye uzito wa chuma, akawarusha juu ya vizuizi mara nyingi hadi miguu ikatetemeka. Walinung'unika, lakini walibaki. Mwaka 1974, tena huko Meksiko, wakawa mabingwa wa dunia.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa Montreal, mwaka 1976. Misri, ekipe ya Afrika katika voleboli ya wanaume, iliondoka pamoja na inchi nyingine za bara letu, sababu New Zealand ilikubaliwa kushiriki ingawa ekipe yake ya raga ilienda kucheza Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi. Polandi nayo ilisonga mbele kwa taabu: seti 5 na Korea ya Kusini, seti 5 na Kuba, seti 5 tena na Japani katika nusu fainali.

Katika fainali walikutana na Umoja wa Kisovieti, ambao haukuwa umepoteza hata seti moja. Wakati ule, ekipe iliyoanzisha mpira ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi, kwa hiyo seti moja iliweza kuchukua muda mrefu sana. Wasovieti waliongoza seti 2 kwa 1, na katika seti ya nne walikosa pointi 1 tu wavikwe zahabu. Hawakuipata. Tomasz Wójtowicz alikuwa akiruka toka nyuma kabisa ya uwanja na kupiga, jambo ambalo wachache walilijua siku zile. Polandi ikachukua seti hiyo 19-17. Katika seti ya tano miguu ya Wasovieti ilichoka, ile ya Wapolandi haikuchoka: 15-7. Mazoezi yale waliyoyachukia ndiyo yalilipa usiku ule.

Wagner hakupata tena ushindi kama huo. Aliirudia ekipe ya wanaume na kuipatia medali ya feza ya Ulaya mwaka 1983, lakini mwaka uliofuata Polandi ilifuata Moscow na kukataa kwenda Los Angeles. Siasa ilimfungia mlango.

Tarehe 13 Machi 2002, moyo wake ulisimama akiwa anaendesha gari mjini Warsaw. Alikuwa amefikisha miaka 61 siku tisa mbele ya hapo. Tangu mwaka 2003, Polandi inaandaa mashindano ya ekipe za taifa yenye jina lake.

Inchi hiyo ilingoja hadi mwaka 2014 kuwa tena bingwa wa dunia. Kwenye Olimpiki, ilikaa miaka 48 bila medali yoyote ya voleboli ya wanaume, hadi ilipopata feza Paris mwaka 2024, ikiwa imeshindwa na Ufaransa katika fainali.