Elijah Masinde, Mgeni Aliyeletwa Lamu kwa Nguvu

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nilisoma chuoni kama watoto wenzangu, na kila siku nikienda sokoni nilipita chini ya ile ngome kubwa ambayo tangu mwaka 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Tuliwaona wafungwa wakitolewa kufanya kazi, tukawatazama kama watoto wanavyotazama, kisha tukaenda zetu. Kwetu sisi walikuwa watu wa bara tu. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza mtu huyu ni nani na amefanya nini.

Basi mwaka 1989 nikapelekwa Kitale kufundisha. Mtu wa pwani akifika Kitale kwa mara ya kwanza hupambana na mambo mawili, baridi na mahindi. Baridi inamwingia mifupani, na mahindi yanaenea mpaka macho yanachoka. Sikuwa na jamaa wala rafiki. Msikiti wa mjini ulikuwa ndio kwetu, na baada ya Isha nilikuwa nikirudi chumbani kusikiliza redio peke yangu.

Haikupita miezi mitatu nikaletewa habari ya kufiwa na mama. Msomaji anajua kuwa kwetu maiti hasubirishwi. Kutoka Kitale hadi Lamu, kwa mabasi ya siku zile, ilikuwa safari ya siku tatu ukijaaliwa. Mama alizikwa kabla mimi sijapata hata nauli. Nilikaa chumbani nikimuuliza Mwenyezi Mungu maswali ambayo mja hafai kumuuliza Mola wake. Kwa nini nimeletwa huku? Kazi hii ina faida gani iliyoninyima kushika jeneza la mama yangu?

Jirani yangu mmoja, mzee wa Kibukusu na Mkristo wa siku nyingi, alikuja kunipa pole. Akaniita Mwalimu, akakaa kimya kitambo kama ilivyo adabu ya wazee, kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipotaja Lamu, yule mzee aliinua kichwa. Akaniambia kwamba wao Wabukusu walilijua jina la Lamu kabla hawajamwona mtu yeyote wa Lamu, kwa sababu huko ndiko serikali ya Waingereza ilikompeleka Elijah. Nikamuuliza, Mzee, Elijah yupi? Alinitazama kwa mshangao. Mtu alikaa kwenu miaka na miaka, nanyi hamumjui?

Swali lile liliniuma, lakini pia lilinitoa ndani. Siku za mapumziko nilianza kupanda matatu kwenda wilaya ya Bungoma, nikafika Kimilili, Lugulu na Malakisi, nikiuliza habari za mtu huyo aliyekuwa amefariki miaka miwili tu kabla ya mimi kufika. Haya ndiyo niliyojifunza, na mengine niliyoyasoma baadaye.

Elijah Masinde alizaliwa baina ya mwaka 1910 na 1912 huko Maeni, karibu na Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Wazee waliomlea walikuwa bado na jeraha bichi. Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Wabukusu katika boma la Chetambe, karibu na Webuye ya leo, na watu wengi wakauawa. Mtoto wa Kibukusu wa wakati ule alisikia habari za Chetambe kama sisi tulivyosikia habari za vita vya Shela.

Wamisionari wa Marekani wa kanisa la Marafiki, ambao Wazungu wengine huwaita Makweka, walikuwa wamefungua kituo Kaimosi mwaka 1902, na mafundisho yao yakaenea hadi kwa Wabukusu. Masinde alisoma kwao, akawa Mkristo wa kanisa hilo. Jina Elijah ndilo la yule nabii ambaye sisi Waislamu tunamwita Nabii Ilyas, aliyesimama kuwakanya watu wake walipomwacha Mungu na kumwabudu Baali. Aliyepewa jina hilo alikuja kulibeba kwa uzito wake wote.

Ujana wake haukuwa wa huzuni. Alikuwa hodari wa mpira, nahodha wa timu ya kwao, na karibu na mwaka 1930 alichaguliwa kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, lile lililotolewa na wenye kiwanda cha sabuni. Baadaye akapata kazi katika baraza la wenyeji huko Kimilili, ya kuwapelekea watu hati za kuitwa mahakamani. Kwa kijana wa wakati huo, mpira, kanisa na mshahara wa serikali ilikuwa neema tupu.

Neema hiyo ilianza kuvunjika alipooa mke wa pili. Sheria yetu inaruhusu jambo hilo kwa masharti yake, na mila ya Kibukusu hali kadhalika, lakini kanisa lake lilikataa, likamsimamisha. Huko Kimilili nilisikia watu wakilieleza jambo hili kwa namna mbili. Wapo wanaosema hasira yake yote ilitoka hapo. Wengine wanasema hapo ndipo alipoanza kujiuliza kama anayemfukuza ni Mungu au ni Mzungu. Mimi naelekea kwa hawa wa pili. Marafiki hufundisha kwamba mtu aweza kukaa kimya akamsikia Mungu moyoni bila ya padri kusimama katikati. Nadhani Masinde alilichukua fundisho hilo kwa ukweli kuliko walivyotaka waliomfundisha.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, vijana walishurutishwa kwenda kazi, na wakulima waliamriwa na serikali kung'oa magugu mashambani. Masinde alikataa. Alisema Waafrika wana Mungu wao, Wele, na wana wazee wao waliotangulia, nao hawana haja ya kuongozwa na wageni. Ndipo ikajulikana Dini ya Msambwa, yaani dini ya mizimu ya wahenga, iliyochanganya mambo ya Biblia na mila za Kibukusu, na kuuona Mlima Elgon kuwa mahali patakatifu.

Hapa lazima niseme wazi. Sisi tunaompwekesha Mungu hatutambiki kwa mizimu, wala simwandiki Masinde ili imani yake ifuatwe. Namwandika kwa sababu ya namna alivyoishikilia pale iliposhikwa moto.

Mwaka 1945, baada ya kugombana na watu wa chifu, alikamatwa. Wakubwa wakaona kwamba Mwafrika anayekataa amri yao waziwazi lazima awe na kichaa, wakampeleka hospitali ya wenda wazimu ya Mathari, Nairobi. Akakaa huko hadi 1947. Fikiri, msomaji, mtu mwenye akili timamu kulala miaka miwili baina ya wagonjwa, akijua kwamba kila atakalosema litahesabiwa kuwa ugonjwa. Alipotoka, hakujificha. Mwaka uleule aliwakusanya watu Chetambe, wakawaombea waliokufa mwaka 1895.

Wakati huo dini yake ilikuwa imevuka hadi Trans Nzoia. Huko walowezi wa Kizungu walikuwa wamegawiwa mashamba makubwa, hasa baada ya vita vya kwanza, na reli ilifika Kitale mwaka 1926 kuchukua mazao yao. Wabukusu wengi waliishi katika mashamba hayo kama maskwota, wakifanya kazi ya tajiri ili waruhusiwe kulima kipande na kulisha ng'ombe wachache. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba Mungu anaijua ardhi yake, hasikii hotuba ya dini tu. Anasikia kwamba naye ni mtu.

Tarehe 10 Februari 1948, umati wa wafuasi ulikabiliana na polisi huko Malakisi. Polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Siku chache baadaye Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku, naye Masinde akakamatwa na kuhamishwa mbali kabisa na kwao. Akaletwa Lamu.

Sitaki kumpaka mafuta. Watu wa dini hiyo walishutumiwa kuchoma makanisa, shule na nyumba za walowezi. Mwaka 1950 huko Kolloa, katika nchi ya Wapokot, Lukas Pkech aliyechukua mafundisho hayo aliongoza wafuasi wake hadi wakapambana na askari. Wakafa maofisa watatu wa Kizungu na Wapokot zaidi ya ishirini, Pkech mwenyewe akiwamo. Neno la kiongozi ni kama jahazi lililokatika kamba, aliyelifunga hawezi kuchagua litakapogonga. Nilikutana na Wakristo wa Bungoma ambao mpaka leo hawamsamehe kwa makanisa yale, nao wana haki ya kusema.

Lakini narudi Lamu. Kwa zaidi ya miaka kumi mtu wa mlimani, aliyezoea maziwa, ugali wa wimbi na ukungu wa asubuhi, alizuiliwa mbali na watu wake kwenye mchanga na jua la kwetu. Lugha yake haikuwa ya mtu yeyote hapa. Usiku wa mwisho wa alfajiri alisikia adhana zikiitikiana msikiti kwa msikiti, zikimtukuza Mungu kwa maneno asiyoyafahamu. Wazee wake walikufa naye hayupo, na jamaa zake walizikwa bila ya mkono wake. Nilipofika hapo katika hadithi, yule mzee jirani yangu aliacha kusema, akanitazama. Nilielewa. Msiba niliolia mimi kwa ajili ya kazi ya mshahara, mwenzangu aliubeba mara nyingi katika mji wangu mwenyewe, wala hapakuwa na mtu wa Lamu aliyegonga mlango wake kumpa pole.

Uhuru ulipokaribia aliachiliwa, akapokewa kwa shangwe. Ungedhani hadithi imekwisha. Mwaka 1964 dini yake iliandikishwa rasmi. Lakini Masinde alikuwa akidai yaleyale, kwamba ardhi waliyonyang'anywa watu irudi bila ya kununuliwa, na kwamba Mwafrika kukalia kiti cha Mzungu hakuibadilishi dhuluma kuwa haki. Mwaka 1968 dini ikapigwa marufuku tena, mara hii na serikali ya wananchi. Yeye akafungwa tena na tena katika enzi ya Mzee Kenyatta, akaja kuachiliwa baada ya Rais huyo kufariki mwaka 1978. Alikufa mwaka 1987, akazikwa Maeni.

Hapa ndipo nilipopata jawabu langu. Kumtegemea Mungu wakati adui anapokufunga ni jambo gumu, lakini lina matumaini ndani yake, kwa sababu unajua siku adui akiondoka mlango utafunguka. Ugumu mkubwa ni pale adui anapoondoka, mlango ukafunguka, kisha ukafungwa tena na ndugu yako uliyempigania. Wengi waliofungwa na wakoloni walipewa viti na mashamba, wakanyamaza. Masinde hakupewa kitu, wala hakunyamaza. Mtu aliyeweka tegemeo lake kwa ushindi angevunjika mwaka 1968. Yeye hakuvunjika, na mimi nachukulia kwamba tegemeo lake lilikuwa limewekwa juu zaidi.

Sisi wa pwani tukisema subira yavuta heri, mara nyingi macho yetu yako kwenye heri. Tunangoja malipo. Kule Bungoma nilijifunza kwamba kuna watu waliosubiri maisha yao yote na heri waliyoitaka haikuja, na hata hivyo hawakuwa wamepotea. Walikuwa wamejua kwa nini wameumbwa, na mtu akijua hilo, jela inamchukua mwili tu.

Nilibaki Kitale miaka sita. Niliwafundisha watoto wa watu ambao babu zao walikuwa maskwota, na nikaacha kuuliza kazi ile ina faida gani. Likizo ya kwanza niliyorudi Lamu, nilikwenda moja kwa moja makaburini nikamsomea mama Fatiha. Nikirudi nilipita sokoni, chini ya ngome. Jela ilikuwa imekwisha hamishwa, na jengo limo mikononi mwa idara ya makumbusho. Nilisimama nikawakumbuka wale watu wa bara tuliowatazama utotoni tukaenda zetu.

Siku hizi mgeni akifika mtaani kwetu, awe fundi, askari, mwalimu au mfungwa aliyemaliza kifungo, mimi humwuliza jina lake na kwao ni wapi. Ni jambo dogo. Lakini Mungu hujua ni nani anayelala jirani yetu, na aibu ya kutomjua huwa yetu sisi, si yake.