Sado, Mwana wa Mfalme Aliyefia Kashani

Kila Jumapili alasiri, kama sina shughuli ya kunizuia, hupanda matatu ya Lower Kabete Road nikashukia Spring Valley kwenda kumjulia hali mjomba wangu. Mzee huyu alikuwa mpishi katika jumba moja la huko kwa zaidi ya miaka thelathini, na ingawa siku hizi miguu haimruhusu kusimama jikoni, wenye nyumba hawakumwondoa. Wamemwachia chumba chake nyuma, kando ya ua wa kaiyaba, na watoto wa nyumba hiyo, ambao yeye ndiye aliyewapikia uji tangu hawajaota meno, walimnunulia televisheni walipoanza kazi.

Katika televisheni hiyo mjomba hatazami kandanda wala habari. Hutazama tamthilia za Wakorea, ambazo mmoja wa vijana hao humletea zikiwa ndani ya flashi. Kiingereza cha kusoma hana, basi mimi hukaa kando yake nikamfasiria maandishi yanayopita chini ya picha. Kazi hiyo si rahisi kama msomaji anavyodhani, kwa sababu wafalme wa Korea husema kwa mafumbo, na mjomba hataki kupitwa na hata neno moja.

Mapenzi haya ya michezo ya Waasia si ya mjomba peke yake. Mwaka wa 2011 televisheni ya TBC huko Tanzania ilionyesha mchezo wa Kichina wa bibi arusi Doudou na mama wakwe zake, ukiwa umetiwa sauti za Kiswahili, na watu waliupenda sana. Katika mchezo ule ugomvi wa wazazi na watoto ulikuwa wa kuchekesha. Tuliouanza mimi na mjomba miezi michache iliyopita hauchekeshi. Jina lake ni Yi San, nao una sehemu 77 zilizoanza kuonyeshwa Korea Kusini mwaka wa 2007. Mwanzoni kabisa mtoto mdogo ananyatia mpaka penye kasha kubwa la mbao ambamo baba yake amefungiwa. Mjomba alinishika mkono akataka nisimamishe picha. Alitaka kujua kama jambo hilo lilitokea kweli ama ni uongo wa watunzi.

Sikuweza kumjibu siku ile, na ndipo nikaenda kusoma.

Sado hakuitwa Sado akiwa hai. Jina lake lilikuwa Yi Seon, naye alizaliwa mwanzoni mwa mwaka wa 1735 mjini Seoul, wakati wa ufalme wa Joseon. Baba yake, Mfalme Yeongjo, alikuwa ametimiza miaka arobaini. Mwanawe wa kwanza wa kiume alikuwa amefariki mwaka wa 1728, na tangu hapo kiti hakikuwa na mrithi. Hapana haja ya kueleza furaha iliyokuwako. Mtoto alitangazwa kuwa mrithi kabla hajatimiza hata miaka miwili.

Ni vizuri msomaji amjue baba kwanza. Mama yake Yeongjo alikuwa mjakazi wa cheo cha chini jumbani, na yasemekana kazi yake ilikuwa kuteka maji. Yeongjo alishika kiti mwaka wa 1724 baada ya kifo cha kaka yake, Mfalme Gyeongjong, na minong'ono kwamba alimwekea kaka yake sumu ilimfuata miaka mingi. Alikuwa mtu wa kujinyima, msomi, mwenye kuwahurumia wanyonge. Mnamo 1750 alipunguza kwa nusu kodi ya kitambaa iliyokuwa ikiwaelemea watu wake. Wakorea humhesabu miongoni mwa wafalme wao bora. Kwa maoni yangu, mtu aliyeishi akisikia watu wakinong'ona kwamba hakustahili kiti alimtaka mwanawe awe ndiye ushahidi kwamba alistahili. Huo ni mzigo mkubwa kumtwika mtoto.

Siku mia moja baada ya kuzaliwa, mtoto aliondolewa kwa mama yake mzazi, Bibi Yeongbin, akapelekwa katika nyumba yake mwenyewe ya mrithi akalelewe na wahudumu. Hao walikuwa wamemtumikia marehemu mfalme na malkia wake, wala hawakumjali Bibi Yeongbin. Wazazi wakapunguza kwenda kumtazama mtoto. Wahudumu nao walimtengenezea panga na pinde za kuchezea, na alipoanza kupenda vita vya kuigiza kuliko vitabu, baba alikasirika kana kwamba mtoto huyo alikuwa amejilea mwenyewe.

Hapo mjomba alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Mwaka wa 1744 Sado aliozwa binti wa ukoo wa Hong, ambaye leo anajulikana kama Bibi Hyegyeong. Wote wawili walikuwa bado watoto. Mengi tunayoyajua juu ya maisha ya ndani ya jumba lile yametoka kwa mkono wa bibi huyu, ambaye uzeeni aliandika kumbukumbu zake mara nne, kati ya mwaka wa 1795 na 1805. Ameandika kwamba mfalme alikuwa na desturi ya kuosha masikio kila aliposikia neno la kisirani. Alikuwa akimwuliza mwanawe kama amekula, na akisha kujibiwa huosha masikio yake pale pale, ndipo aingie kwake. Nimesoma habari za wafalme waliowakata watoto wao vichwa, lakini hii ya kuosha masikio ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mwaka wa 1749, akiwa na miaka kumi na minne, Sado alikabidhiwa kazi ya kumkaimu baba yake barazani. Akiamua jambo mwenyewe, alilaumiwa kwa kutouliza. Akiuliza, alilaumiwa kwa kutojua kuamua. Mvua ikikosa kunyesha, mfalme alisema ni kwa sababu mrithi hana wema. Karipio lilikuwa mbele ya watu, mawaziri na wahudumu wakisikiliza.

Mwaka wa 1757 walifariki, mmoja baada ya mwingine, malkia na mama mkuu wa jumba, wanawake wawili waliokuwa wakimkinga. Tangu hapo kijana aliharibika. Alishikwa na hofu ya nguo: ili avae vazi moja, mengi mengine yalitandazwa, mengine yakachomwa moto, na wahudumu waliokuwa wakimvisha walipigwa, wengine wakafa. Mwaka ule ule alimwua towashi mmoja, akakibeba kichwa chake akamwonyesha mkewe. Miaka michache baadaye alimwua suria wake, mama wa mmojawapo wa watoto wake. Nayasema haya waziwazi kwa sababu mara nyingi picha za televisheni huyapita upesi. Waliouawa walikuwa watumishi, nao pia walikuwa watoto wa watu.

Katika kiangazi cha mwaka wa 1762 Bibi Yeongbin, mama mzazi, alikwenda kwa mfalme akamwomba achukue hatua kwa ajili ya usalama wake na wa mjukuu. Fikiri, msomaji, mama aliyeondolewa mtoto wake akiwa na siku mia moja, sasa anaombwa na hali amtoe kwa mara ya pili. Mfalme alimwita mwanawe, akamwamuru ajiue mwenyewe. Kijana alijaribu, watu wakamzuia. Kumhukumu kama mhaini kungeliwaangamiza pia mkewe na mwanawe mdogo, yaani mrithi wa pekee aliyebaki. Basi likaletwa kasha la mchele, akaamriwa aingie. Mwanawe, Yi San, ambaye alikuwa hajatimiza miaka kumi, alimlilia babu yake amsamehe baba, akabebwa akaondolewa. Kasha lilifungwa. Jua lilikuwa kali. Baada ya siku nane, Sado alikuwa amekufa, naye ana miaka 27.

Ndipo mfalme akamrudishia cheo chake na kumpa jina la Sado, ambalo maana yake ni karibu na kukumbuka kwa huzuni. Wengine husema hilo lilikuwa kama kuomba radhi. Mimi sikubali. Miaka miwili baadaye mfalme huyo huyo aliamuru kwamba mjukuu wake ahesabiwe kuwa mtoto wa marehemu ami yake, yule aliyekufa mwaka wa 1728, ili asiwe mwana wa mtu aliyeuawa kwa amri. Mtoto alinyang'anywa baba mara mbili.

Yeongjo aliishi mpaka mwaka wa 1776 akiwa na miaka 81. Mjukuu aliposhika kiti, siku ile ile ya kwanza alitangaza mbele ya mawaziri kwamba yeye ni mwana wa Sado. Mwaka wa 1789 alilihamisha kaburi la baba yake hadi karibu na Suwon, na kati ya mwaka wa 1794 na 1796 akajenga huko mji wenye kuta, Hwaseong, ambao bado upo. Mwaka wa 1795 alimpeleka mama yake Suwon kwa msafara mkubwa akamfanyia karamu ya kutimiza miaka sitini. Sado naye angelikuwa na sitini. Lakini ni mfalme huyo mwema aliyeruhusu, mara tu alipotawala, ami wa mama yake auawe. Deni la babu lililipwa na watu wengi ambao hawakulikopa.

Sasa turudi kwenye tamthilia. Nimeona kwamba watunzi wa Korea hawachoki na habari hii, na kila mmoja huuhamisha mzigo mahali pengine. Katika Yi San lawama nyingi huangukia mawaziri wenye fitina. Katika Secret Door, ya mwaka wa 2014, Sado ni kijana mwenye mawazo mapya ya haki, na wazimu karibu haupo. Filamu ya The Throne, ya mwaka wa 2015, ndiyo iliyowaacha baba na mwana peke yao, nayo ni nzuri kwa sababu hiyo. The Red Sleeve, ya mwaka wa 2021, inamwonyesha mjukuu akikua chini ya babu ambaye anampenda na anamtisha kwa mkono mmoja. Ukitazama zote, utaona kwamba mzee hulia. Hulia sana, na wachezaji wanaomwigiza ni hodari. Ila kulia si kuulizwa. Ni nadra mtu kusimama mbele yake na kumtaka ajibu.

Hili si la Wakorea tu. Sisi katika lugha yetu tuna neno radhi, na radhi hiyo hupanda juu kama moshi. Mtoto humwomba mzazi radhi. Mtoto asiye na radhi ya wazazi huogopwa. Lakini nimeishi miaka mingi Kenya hii sijasikia baraza lililoitishwa ili baba aombe radhi kwa mwanawe.

Bibi Hyegyeong ndiye anayenivutia kuliko wote. Aliandika kwamba mumewe alikuwa mgonjwa kweli na aliua kweli, na tena aliandika kwamba ugonjwa huo ulianzia katika nyumba ile ya kitoto alimoachwa bila mama, na katika ukali wa baba. Hakuachia upande mmoja ili kuokoa mwingine. Alikuwa ameyaona yote mawili kwa macho yake.

Nilimweleza mjomba haya yote Jumapili iliyopita, flashi ikiwa bado haijachomekwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kunihesabia miaka. Alipoanza kazi Spring Valley, mwanawe wa kwanza alikuwa anatambaa huko kwetu Maragoli. Likizo ilikuwa mwezi mmoja kwa mwaka, na fedha za karo zilitumwa bila kukosa, hilo hakuna awezaye kumkana. Lakini kila Krismasi alifika nyumbani akiwa mgeni, akaitisha ripoti ya shule kabla ya kuitisha maji ya kunywa, na fimbo ilikuwa karibu. Watoto wa jumba hili aliwajua mpaka chakula walichokitema. Wake hakujua wanapenda nini. Huyo wa kwanza sasa ni mtu mzima mwenye watoto, naye akimtaja baba yake mbele za watu humwita yule mzee wa Nairobi.

Akaniomba nichukue karatasi nimwandikie barua. Simu hakuitaka, alisema katika simu atageuka kuwa mkali. Nikaandika mahali na tarehe, nikaandika salamu kwa mke wa mwanawe na wajukuu, nikauliza habari za mvua na mahindi. Kisha nikangoja. Mzee alifungua kinywa akakifunga. Alinitajia shamba, akanitajia ng'ombe, akanitajia bati la jikoni linalovuja. Kila mara nilimwuliza kama ndilo hilo analotaka niandike, naye alitikisa kichwa.

Giza lilipoingia, askari wa lango alikuja kuniambia kwamba matatu za Westlands zimeanza kupungua. Mjomba aliniambia niichukue karatasi hiyo, nisiitupe, na Jumapili ijayo nije mapema kidogo. Ninayo hapa mfukoni mwa koti, imeishia kwenye mahindi.