Matt Talbot: saidia fundi aliyeacha pombe, lakini si peke yake



Vijana wenzangu, ukiniuliza ni nani ningependa amfahamu kijana anayesumbuliwa na pombe, nitakutajia Matt Talbot wa Dublin, Ireland. Hakuwa padre wala msomi. Alikuwa kibarua.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto 12, katika familia maskini. Akiwa na miaka 12 aliacha shule akapata kazi kwa wafanyabiashara waliokuwa wakijaza pombe kwenye chupa. Hapo ndipo alipoanza kuonja. Baadaye akahamia bandarini, kwenye maghala ya wiski, kisha akawa saidia fundi wa kubeba matofali. Kazi alikuwa akiipiga kweli, lakini mshahara wote uliishia baa. Siku moja yeye na wenzake walimwibia fidla mpiga muziki wa mtaani, wakaiuza wapate ya kunywa. Fikiria: mtu maskini ananyang'anywa kitu kinachompa mkate! Pombe ikishakushika, hata huruma inaondoka.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, ilifika Jumamosi hana hata senti. Akasimama karibu na baa wakati wenzake wanatoka kuchukua mshahara. Hao hao aliowapa ofa mara nyingi walimpita tu. Akarudi nyumbani mapema, akiwa mzima, mama yake akashangaa. Jioni hiyo hiyo akaenda kwenye seminari ya Clonliffe, akaungama, na mbele ya padre akaweka ahadi ya kutokunywa kwa miezi 3 tu. Miezi 3 ilipoisha akaongeza, na hatimaye akaahidi kwa maisha yake yote.

Usidhani ilikuwa rahisi. Jioni baada ya kazi kiu ilimwandama, na kila njia ilikuwa na baa. Basi akabadilisha njia: badala ya kijiweni, akawa anaingia kanisani na kukaa humo mpaka usiku. Akaacha kutembea na pesa mfukoni. Alfajiri, kabla ya kazi, alikuwa Misani. Madeni ya baa aliyalipa. Yule mpiga fidla alimtafuta sana asimpate, akatoa pesa ili Misa ziadhimishwe kwa ajili yake.

Hapa nina neno. Watu wengi wakimsimulia Matt, wanasema alisali tu, akaacha. Mimi nikiyasoma maisha yake naona kitu zaidi. Naona mama aliyemfungulia mlango. Naona padre aliyepokea ahadi yake. Naona Padre Michael Hickey, mwalimu wa falsafa pale Clonliffe, aliyemwongoza kiroho kwa miaka mingi. Na mwaka 1890 naona akijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, yaani kundi la walei wanaoshikana mikono katika safari moja. Neema ya Mungu ilimfikia, ndiyo, lakini ilipitia kwa watu.

Alikaa bila pombe miaka 40. Tarehe 7 Juni 1925, Dominika ya Utatu Mtakatifu, alianguka njiani Granby Lane akielekea Misani, akafa. Mwilini mwake walikuta minyororo aliyoivaa kama ishara ya kujitoa kwa Mungu. Hiyo minyororo usiiige. Iga Misa, maungamo, na kukubali kuongozwa. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa.

Miaka 10 baada ya kifo chake, mwaka 1935, walevi wawili wa Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walikutana mjini Akron na kuanza kusaidiana. Ndiyo mwanzo wa Alcoholics Anonymous, AA, ambayo leo ina vikundi sehemu nyingi duniani, Nairobi ikiwemo. Mwaka 1939 Sista Ignatia, mtawa mzaliwa wa Ireland, alianza kushirikiana na daktari Bob kuwapokea walevi katika hospitali ya Mtakatifu Thomas palepale Akron, wakati ambapo hospitali nyingi hazikuwataka.

Kwa hiyo ndugu yangu, usione aibu kwenda kwenye kikundi. Hakuna ada. Unataja jina la kwanza tu, na hulazimishwi kuongea. Unaweza kukaa ukasikiliza. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: uwe na nia ya kuacha. Kama hujui pa kuanzia, muulize paroko wako, au nesi wa hospitali iliyo karibu. Ukifika kikundi cha kwanza usipopapenda, jaribu kingine. Kwenda kwenye kikundi si kumwacha Yesu, na kuungama hakuchukui nafasi ya kikundi. Vyote viwili unavihitaji. Na kama unakunywa sana kila siku, muone daktari kabla ya kuacha ghafla, maana mwili unaweza kupata degedege, na hiyo ni hatari.

Na wewe ambaye hunywi: yule rafiki anayenukia pombe kwenye mazoezi ya kwaya, usimcheke. Mwambie utamsindikiza siku ya kwanza, hata kama utaishia mlangoni.

Tuombe: Ee Bwana, ulimwinua mtumishi wako Matt kutoka mlango wa baa ukamleta kwenye meza yako. Utupe ujasiri wa kuomba msaada, na moyo wa kumfungulia anayebisha hodi. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.