Vavilov, mtunza mbegu aliyekufa kwa njaa

Habari za Nikolai Vavilov nilizipata kwa mwalimu wa kilimo, nikisoma ukimbizini Tanzania. Alizaliwa Moscow mwaka 1887. Alizunguka nchi nyingi akikusanya mbegu, Afghanistan mwaka 1924, Ethiopia mwaka 1927. Kila mbegu iliandikiwa mahali ilipotoka, kisha ikahifadhiwa Leningrad ili watafiti waitumie kupata mazao bora.

Mwaka 1940 alikamatwa. Stalin alikuwa upande wa Lysenko, aliyeipinga elimu ya urithi. Vavilov alifia gerezani Saratov, Januari 1943, kwa njaa. Sisi tuliokula kwa mgao tunaelewa. Na Leningrad ilipozingirwa na Wajerumani, wenzake kadhaa walikufa njaa wakilinda mpunga na karanga za hazina ile bila kuzigusa.

Mama alirudi nyumbani na aina tatu za maharage katika pindo la kanga. Kila moja aliijua jina, na ipi ya bondeni, ipi ya mlimani. Juzi, soko la mpakani, nilimuuliza muuzaji maharage yake yanaitwaje na yametoka wapi. Akanijibu ni ya njano tu, mwalimu, nikupimie kilo ngapi?