Robert Wangila (1967–1994): Rekodi ya Bingwa na Deni Letu kwa Vijana



Kila mwaka katika kitabu hiki cha harambee tunatenga nafasi kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki, ambaye tunaamini ametuachia somo. Mwaka huu michango yetu ni ya ukumbi wa michezo wa vijana, na vijana waliokuwa wa kwanza kuuomba ni wale wanaocheza ngumi. Kwa hiyo tumemchagua bondia.

Tungeweza kumchagua Mtanzania mwenzetu, Titus Simba, aliyetuletea medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970. Fainali ile alishindwa na John Conteh wa Uingereza, ambaye miaka minne baadaye alitwaa ubingwa wa dunia, kwa hiyo hakuna aibu hapo. Lakini safari hii tumevuka mpaka wa Sirari na kwenda kwa jirani. Tumemchagua Robert Napunyi Wangila wa Kenya, kwa sababu maisha yake yana pande zote mbili ambazo mzazi wa Makoko anapaswa kuziona kabla mwanawe hajavaa glovu.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Nairobi ya miaka ile ilikuwa na kumbi za mitaa, si za kifahari, ambako kijana aliingia jioni akakuta begi la kupiga, kamba ya kuruka na mtu mzima wa kumwelekeza. Kutoka katika kumbi hizo, na katika timu za jeshi, polisi na magereza, Kenya ilijenga kikosi cha ngumi kilichoogopwa Afrika nzima. Philip Waruinge alileta shaba ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Ibrahim Bilali alileta shaba kutoka Los Angeles mwaka 1984. Kilichokosekana ni dhahabu.

Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi. Wangila, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alishinda dhahabu ya uzito wa welter, yaani kilo 67, mbele ya watu wa nyumbani kwao. Mwaka uliofuata alikwenda Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini. Majina yaliyotajwa zaidi katika uzito wake yalikuwa ya mataifa makubwa. Yeye alipanda ulingoni pambano baada ya pambano, mpaka akafika fainali.

Huko alikutana na Mfaransa, Laurent Boudouani. Pambano halikumaliza raundi tatu. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha na kumshinda kwa nokauti. Boudouani huyo hakuwa bondia wa kubahatisha, kwani miaka ya 1990 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Kwa ushindi ule Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Kenya ilirudi kutoka Seoul na dhahabu tano. Nne zilikuwa za wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya Wangila. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili, ambalo upande wa pili wake ni Kenya, tunajua sifa za jirani huwa hazisubiri forodha. Vijana wa rika lile, huku kwetu na kule kwao, walianza kukunja ngumi na kujiita Wangila.

Mwaka 1989 aliingia katika ngumi za kulipwa na kufanya kazi hiyo Marekani. Hapa tuwaeleze wasiofuatilia mchezo huu. Seoul alipigana ngumi za ridhaa. Pambano lilikuwa la raundi tatu za dakika tatu tatu, na bondia alivaa kofia ya kinga. Ngumi za kulipwa hazina kofia, na pambano kubwa linaweza kwenda raundi kumi au kumi na mbili. Mchezo una jina lilelile, lakini mzigo unaobebwa na kichwa ni mwingine kabisa. Isitoshe, bondia wa kulipwa anaishi kwa pambano lijalo. Akikataa pambano, amekataa mshahara.

Rekodi yake ya kulipwa inasomeka hivi: mapambano 27, kushinda 22, kushindwa 5, hakuna sare. Katika ushindi huo, 16 ulipatikana kabla ya raundi kuisha. Ni rekodi nzuri. Mwenye rekodi hiyo ni mtu ambaye mkono wake ulikuwa mzito na ambaye mapromota wangeendelea kumwita. Lakini rekodi ya bondia huandikwa kwa tarakimu tu. Kushindwa kwa tano kunachukua nafasi sawa na kushindwa kwa kwanza.

Kushindwa huko kwa tano kulikuwa tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, mbele ya David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi alisimamisha pambano. Tayari Wangila alikuwa amepigana dakika 24 kamili, na ile raundi ikaongezeka juu yake. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, na alipinga uamuzi ule. Aliona ameonewa, kwamba bado alikuwa na nguvu za kuendelea. Baadaye akaanguka na kupoteza fahamu. Tarehe 24 Julai alifariki dunia kwa jeraha la ubongo. Alikuwa na miaka 26.

Tunaomba msomaji asipite haraka hapo. Mwamuzi aliyelaumiwa kwa kuwahi kumbe alikuwa amechelewa, na pengine hakuna mwamuzi ambaye angejua. Kichwa kinapopigwa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu, na mshipa mdogo unaweza kukatika. Damu hujikusanya polepole. Kwa muda huo mtu anaweza kusimama, kuzungumza, hata kubishana. Ndiyo maana bondia mwenyewe si shahidi wa hali yake. Bingwa ndiye shahidi mbaya kuliko wote, kwa sababu kilichomfanya awe bingwa ni kule kukataa kukubali kwamba ameumia.

Kwa hiyo somo tunalolichukua kwa Wangila si kwamba ngumi zipigwe marufuku Makoko. Kijana asiye na ukumbi hupigana vilevile, ila hupigana usiku njiani, bila glovu na bila mwamuzi. Wavuvi wetu hawaachi kwenda ziwani kwa sababu ziwa limewahi kuua. Wanatazama upepo, wanakagua mtumbwi, na mwenye busara hageuzi kicheko onyo la mzee. Ngumi nazo zinataka mtu wa kutazama upepo.

Ndiyo sababu ukumbi tunaouchangia hautakuwa kuta na begi la mchanga peke yake. Tunataka kofia za kinga zinazotosha vichwa vya vijana wetu. Tunataka walimu waliofundishwa huduma ya kwanza, wanaojua kwamba kichwa kinachouma sana, kutapika au usingizi usio wa kawaida baada ya mazoezi ni safari ya hospitali usiku huohuo, si ya kitandani. Tunataka daftari la kila kijana, linaloandika siku aliyoangushwa na siku anayoruhusiwa kurudi. Na tunataka kanuni moja isiyo na mjadala: mwalimu akisema basi, ni basi, hata kama kijana analia kwamba bado anaweza.

Wangila alitoka katika mji uliowapa vijana wake kumbi, akaipa Afrika nzima dhahabu. Sehemu ya kwanza ya hadithi yake inatuambia kwamba kijana wa mtaani akipewa mahali na mwelekezi anaweza kufika popote. Sehemu ya pili inatuambia nini tunadaiwa sisi tunaompigia makofi.

Ndugu zetu, fomu ya ahadi imo mwishoni mwa kitabu hiki. Kidogo hakidharauliwi, na mwenye mfuko wa saruji au siku moja ya nguvu zake naye amechangia. Haba na haba hujaza kibaba.

Mungu ampumzishe Robert Wangila, na awalinde vijana wetu wa Makoko.