Lodi Egerton wa Njoro na mlango uliomshinda kuufunga

Wako watu ambao majina yao hutajwa kila uchao na maelfu ya vinywa, na hali wao wenyewe hawajulikani. Mmoja wao ni Egerton. Mwanafunzi husema anasoma Egerton, mzazi husema mwanangu yuko Egerton, na kondakta wa matatu pale Nakuru hunadi Egerton kama anadiye soko au mtaa. Ukiwauliza Egerton ni nani, wengi watakwambia ni chuo kikuu. Ni wachache watakaokumbuka kuwa kabla ya kuwa chuo, Egerton alikuwa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa na mambo yake. Maisha yake yafaa kusimuliwa, khasa kwetu sisi watu wa pwani, kwani ndani yake mna swali ambalo masheikh wetu wamelidurusu karne nyingi: je, mali ikishatolewa kwa ajili ya elimu, ni ya nani?

Maurice Egerton alizaliwa tarehe 4 Agosti 1874, katika ukoo wa makabaila wa Kiingereza. Makao ya ukoo huo yalikuwa Tatton, katika jimbo la Cheshire, kwenye jumba kubwa lenye bustani na malisho yasiyoonekana mwisho. Baba yake alipofariki mwaka 1920, Maurice alirithi jumba, ardhi na cheo, akawa Lodi Egerton wa nne wa Tatton. Basi huyu si mtu aliyeanza maisha kwa kuchuuza karanga. Alizaliwa mdomoni mna asali.

Lakini hakuwa mtu wa kukaa barazani akingoja kuandaliwa. Alipenda mashine kuliko karamu. Gari lake la Benz, la mwaka 1900, limehifadhiwa Tatton hata leo. Ndege zilipobuniwa, yeye alikuwa miongoni mwa waliozikimbilia mwanzo. Alijuana na ndugu wawili Wright wa Marekani, wale walioruka kwa mashine mwaka 1903, na mwaka 1910 akapata cheti cha urubani nambari 11 katika Uingereza nzima. Alikuwa pia msafiri na mwindaji mkubwa. Vichwa na pembe za wanyama aliowaua vilikuwa vingi hata ikabidi vijengewe ukumbi wao peke yake pale Tatton. Jambo moja jingine yafaa tulitaje, kwani litatusaidia mbele: aliwajengea vijana wa kiume wa Knutsford, mji ulio jirani na Tatton, klabu yao ya kuchezea na kujifunza. Kuwapenda vijana wanaojifunza kazi za mikono lilikuwa jambo la kweli kwake.

Katika miaka ya 1920 Lodi Egerton alishika makao Njoro, karibu na Nakuru, kwenye ile ardhi nyeusi yenye rutuba iliyoitwa nyanda za juu za Wazungu. Hapa msomaji asipite mbio. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wamasai, nao walihamishwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na mwaka 1911 ili walowezi wapate nafasi. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, mwenyeji alikuwa ameshaondolewa.

Mwaka 1938 Lodi alianza kujenga kasri lake pale Ngata. Vita vya pili vya dunia vikaichelewesha kazi, na kasri halikumalizika mpaka mwaka 1954. Lilikuwa na vyumba 52, na mwenye kulikaa alikuwa mtu mmoja, asiyeoa na asiye na mtoto. Watu wa Njoro wana kisa chao juu ya jambo hilo. Husimulia kwamba Lodi alimpenda bibi mmoja wa kikabaila, akamwalika aione nyumba yake ya kwanza, na bibi akaibeza kuwa ni banda la kuku. Ndipo alipojenga kasri. Bibi akaitwa tena, akalitazama, akasema ni makumbusho, akaenda zake. Tangu siku hiyo, husimuliwa, mwanamke yeyote alikatazwa kukanyaga kiwanja chake. Kisa kitamu kina mikono mingi iliyokikoroga, nasi twakitia mahali pake, yaani katika hadithi. Lakini upweke wake si hadithi. Alipokufa, na cheo cha ukoo wake kilikufa naye.

Twende sasa kwenye jambo lililomfanya aandikwe. Mwaka 1939 Lodi Egerton alitoa ekari 740 za ardhi ya Njoro ili ianzishwe shule ya kilimo. Iliitwa Shule ya Shamba ya Egerton. Makusudio yake yalikuwa wazi bila kificho: kuwafundisha vijana wa Kizungu kazi ya ukulima, ili walowezi wapate warithi wanaojua jembe na trekta. Mwafrika hakuwamo, wala Mwarabu, wala Mhindi. Na mwaka huo huo wa 1939 ndipo amri kutoka London ilipoweka mipaka ya nyanda za juu ziwe za Wazungu kwa sheria. Ardhi ikafungwa, na elimu ya kuilima ikafungwa ndani yake.

Sasa na tuitazame nchi ya Wakisii wakati huo, huko magharibi, kwenye vilima vya migomba na mvua nyingi. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwapa ruhusa wakulima wa Kisii, pamoja na wa Meru na Embu, kupanda kahawa kwa majaribio, tena kwa masharti makali, kwani walowezi waliogopa kushindana na Mwafrika sokoni. Basi fikiri: mkulima wa Nyaribari ameshika mche wa kahawa mkononi, anataka kujua namna ya kuupogoa na dawa ya kuutia, na shule ya kilimo nzuri kuliko zote nchini imo katika nchi yake, lakini mlangoni pameandikwa rangi. Hiyo ndiyo hali aliyoiacha Lodi Egerton siku alipotia saini hiba yake. Hatuna haja ya kumtukana. Matendo yake yanatosha.

Dunia haikumngoja. Mwaka 1952 ilitangazwa hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na mwaka 1954 serikali ikatoa mpango wa Swynnerton wa kuwaachia Waafrika walime mazao ya kuuza. Mwaka 1955 shule ikapewa jina jipya, Chuo cha Kilimo cha Egerton, kikitoa cheti kwa mwaka mmoja na stashahada kwa miaka miwili. Mwaka 1958 ekari 1,100 zikaongezwa juu ya zile za mwanzo, hiba ikawa ekari 1,840. Mwaka huo huo, tarehe 30 Januari, Lodi Egerton akafariki akiwa na umri wa miaka 83. Jumba la Tatton aliliusia amana ya taifa la Uingereza. Punde baada ya hapo chuo cha Njoro kikaanza kupokea vijana wa rangi zote, wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika. Mlango uliofungwa kwa rangi ukafunguka, na mwenye mlango hakuwapo kuuona.

Baada ya uhuru chuo kilizidi kukua. Mwaka 1979 serikali ya Kenya na ya Marekani zilitoa fedha za kukipanua. Mwaka 1986 kikafanywa chuo kishirika cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge. Hata kasri lenye vyumba 52, lile la mtu mmoja, limekuwa chini ya uangalizi wa chuo hicho, na wasichana wanaingia na kutoka, wakipiga picha ngazini.

Na sasa twafika Kisii. Mwaka 1965 palianzishwa mjini Kisii chuo cha ualimu wa shule za msingi, juu ya ekari 61 zilizotolewa na Baraza la Wilaya ya Gusii. Angalia tofauti ya watoaji. Huko Njoro alitoa lodi mmoja katika ziada yake. Hapa lilitoa baraza la watu ambao ardhi kwao ni haba, kila kilima kimegawanywa vipande vipande baina ya ndugu. Mwaka 1983 chuo kikapandishwa kuwa cha walimu wa sekondari. Mwaka 1994 kikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Egerton kiwe tawi lake. Mwaka 2007 kikawa chuo kishirika cha Egerton, na mwezi Februari mwaka 2013 kikapewa hati yake, kikawa Chuo Kikuu cha Kisii.

Yafaa kueleza namna mambo haya yanavyokwenda, kwani wazazi wengi huyasikia wasiyafahamu. Sisi watu wa pwani neno chuo twalijua kabla ya kusikia habari za chuo kikuu, na mfano wake tunao nyumbani. Mwanafunzi husoma mbele ya sheikh, kitabu baada ya kitabu, mpaka sheikh aridhike naye ampe ijaza, ndipo naye akae afundishe kwa jina lake. Chuo kishirika ni mwanafunzi wa namna hiyo. Chuo kikuu kilicho mlezi ndicho kinachopitisha masomo, kinachosimamia mitihani na kinachotoa shahada. Chuo kidogo kina majengo, walimu na wanafunzi, lakini jina lililo juu ya shahada ni la mlezi wake. Kikikomaa, hupewa hati. Egerton mwenyewe alipata ijaza kwa Nairobi, kisha naye akaitoa Kisii. Na Nairobi nayo, pamoja na Makerere, zilikuwa zamani zikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Ni silsila, kama silsila za wanavyuoni.

Faida yake yaonekana Birongo. Birongo ni wadi katika Nyaribari Chache, jimbo lile lile lenye mji wa Kisii ndani yake. Zamani mtoto wa Birongo aliyefaulu ilimbidi kwenda Njoro, Nairobi au Kampala, na mzazi auze ng'ombe kwa karo, auze na mwingine kwa nauli, chakula na kitanda. Chuo kikuu kikiwa mjini Kisii, huweza kulala kwao na kula ndizi za mama yake. Kwa mvulana hilo ni nafuu. Kwa msichana, ambaye aghalabu ndiye wa kwanza kuachishwa masomo fedha zikipungua, huenda ndilo linaloamua asome au asisome.

Pwani nasi tumo katika habari hii. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, kwa michango ya Aga Khan, ya Sultani Sayyid Khalifa wa Zanzibar, ya jamaa za Mabohora na ya serikali. Ilikuwa kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Na tuseme kweli: mlango ule nao ulikuwa na bawabu wake, japo sababu zake hazikuwa sawa na za Njoro, kwani Waislamu walikuwa wameachwa nyuma sana katika elimu ya kiserikali. Mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi, mwaka 1972 ikawa Politekniki, mwaka 2007 ikawa chuo kishirika cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kule Kilifi, Taasisi ya Kilimo ilifuata njia ile ile mwaka ule ule wa 2007, chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Pwani. Kisii, Mombasa na Kilifi ni ndugu waliopata ijaza mwaka mmoja.

Hata hivyo asali haikosi nyuki. Kila chuo cha ufundi au ualimu kinapogeuzwa kuwa chuo kikuu, fundi na mwalimu hupungukiwa na mahali pa kujifunzia. Nchi yenye shahada nyingi na mafundi wachache ni kama jahazi lenye manahodha wengi, hakuna wa kutweka tanga. Na Egerton yenyewe, mama wa Kisii, katika miaka hii ya 2020 imepitia dhiki ya fedha na migomo ya wahadhiri. Kupewa hati ni jambo moja. Kupewa fungu la kuendeshea chuo ni jambo jingine. Ijaza bila mafuta ya taa haimwezeshi mwalimu kudarisi usiku.

Turudi kwa Lodi wetu. Katika sheria yetu ya wakfu, sharti la mwenye kuwakifu huheshimiwa. Lau hiba ya Njoro ingalishikwa kwa sharti lile, ekari zile zingalibaki za watoto wa walowezi, na Kisii isingalimpata mlezi wake huyo. Sharti lilivunjwa na historia, na kuvunjwa kwake ndiko kulikoleta heri. Wengine watasema sharti lile halikuwa na haki tangu mwanzo, kwani mtu hawezi kuwakifu kisicho chake, na malisho yale yalikuwa na wenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, wala mimi siipingi. Wengine watasema hisani haiozi, hata ikitolewa kwa nia finyu. Hilo nalo lina ukweli wake, kwa kuwa chuo kipo, na watu wamesoma.

Ila katika hesabu ya watoaji tusilisahau baraza la Gusii. Jina la Egerton limeandikwa langoni kwa herufi kubwa. Ekari 61 za Kisii hazina jina la mtu. Walizitoa kwa watoto wao na wa wenzao, bila sharti la rangi wala nasaba, nazo ndizo zinazomsomesha mtoto wa Birongo.