Apolo Kivebulaya, aliyekwenda Boga na jembe

Kila mwezi wa kwanza, makanisa yetu ya mashariki yanaandika programu ya mwaka: semina, ubatizo, ujenzi. Mara nyingi, kabla ya Pasaka, vita imekwisha kuwahamisha washirika na karatasi imebaki mezani. Ndiyo maana tunapenda kumkumbuka mtumishi ambaye mipango yake ilivunjika mara nyingi, lakini wito wake haukuvunjika.

Apolo alizaliwa Buganda, yapata mwaka 1864. Alibatizwa 1895, na mwaka huohuo akatumwa Toro kuwa mwalimu wa Injili. Mwaka 1896 ikahitajika mtu wa kwenda Boga, ng'ambo ya mto Semliki. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi kwa njaa: watu wa mtawala Tabaro waliacha kuwapa chakula, nao hawakutaka kulima. Apolo aliisikia habari hiyo, akabeba jembe. Ni jambo dogo. Lakini sisi tunaona humo utambuzi kuliko katika maono mengi tunayosimuliwa siku hizi: alijifunza kutokana na kushindwa kwa wenzake, akabadilisha njia na kuuacha ujumbe vilevile.

Boga hapakuwa pepesi. Alihubiri juu ya ulevi na kuoa wake wengi, Tabaro akakasirika. Mwaka 1898 dada ya Tabaro aliangukia mkuki akafa, na lawama ikamwangukia Apolo. Akapelekwa Fort Portal amefungwa, akatiwa gerezani, mpaka ilipoonekana kwamba hana hatia. Mwenyewe alisimulia kwamba katika mateso yale alimwona Yesu amesimama karibu naye kama ndugu, akimtia moyo asiogope. Akarudi Boga kwa watu walewale. Baadaye Tabaro naye akabatizwa, akaitwa Paulo.

Kisha wakubwa wa kanisa wakamtaka Toro, na hapa ndipo tunapopaswa kukaa kidogo. Mtu aliyemwona Bwana angeweza kusema kwamba hakuna kamati ya kumhamisha. (Tumewasikia wanaosema hivyo, na tumeona makanisa yakigawanyika.) Apolo alitii. Akawa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, akatumika Toro miaka mingi, huku Boga ikiwa moyoni mwake. Wakati huo serikali za Ulaya zilikuwa zikipanga mipaka, na Boga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Kanisa la Uganda lingekuwa na sababu nzuri ya kuisahau. Apolo hakuondoka kwa siri wala kwa hasira. Aliomba ruhusa, na mwaka 1915 akavuka tena Semliki. Huko akabaki hadi mwisho.

Akiwa na umri ambao wengi wetu tunafikiria kupumzika, akaanza kuingia msituni kwa Wambuti, watu ambao hawakuwa katika mpango wa mtu yeyote. Kutokana na kazi ile ya Boga lilikua Kanisa la Anglikana la Kongo. Dayosisi yake ya kwanza, mwaka 1972, ilichukua jina la Boga.

Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Kwa desturi ya kwao, maiti ililazwa kichwa kikielekea mashariki, upande wa nyumbani. Yeye aliomba chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu ambao alikuwa hajaumaliza.